Fundi Aliyefikiria Kupanda Tu

Wanaomsifu yule Fundi ni wengi na sitawazuia. Wasifu tu. Alikuwa na mikono, hilo hata mimi niliyeumizwa naye nalikubali. Ila kila nikisikia mtu anasema "Aisee, mzee yule alikuwa mtu na nusu," damu inanichemka. Ukoo wake na mahali alipozaliwa waulizwe wengine. Mimi nilimjua kama jirani, ukuta kwa ukuta, pale Shirimatunda, miaka mingi kuliko niliyokaa kwa mama yangu mzazi. Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la nyumbani, lakini halikuwa na kazi. Ukisema Fundi hakuna aliyekuuliza yupi.

Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha sukari kule tambarare, akatoka huko kwa ugomvi na meneja, akajenga karakana ya mabati nyuma ya nyumba yake. Ukipita asubuhi unasikia tupa inakwaruza chuma, ukipita jioni ni ileile. Mambo ya salamu kwake yalikuwa kituko. Ukimpa shikamoo akiwa anakaza nati, haitikii. Anakaza, anajaribu, anakaza tena, wewe umesimama kama mlingoti. Mwisho unakata tamaa unaondoka, na ukishafika barabarani ndipo unasikia, "Marahabaa!" Watoto wangu walikuwa wanamtegea kwa makusudi, wanampa shikamoo halafu wanakimbia hadi kwenye kona kusubiri jibu lao.

Neno lake kubwa lilikuwa "Nani kakwambia?" Ukimwambia mvua itanyesha, nani kakwambia. Ukimwambia sukari imefika dukani, nani kakwambia. Siku moja cherehani yangu ilianza kuruka mshono, nami nilikuwa naishi kwa kushona, nikampelekea. Nikamwambia, "Fundi, nadhani ni sindano tu imepinda."

"Nani kakwambia?"

Akaifungua yote. Nawaambia yote, hadi nikaiona cherehani yangu imelala kwenye gunia vipandevipande kama kuku aliyechinjwa. Sare za shule za watu zikanisubiri, wenye sare wakanijia juu. Aliponirudishia ilikuwa inashona vizuri, tena kimya kuliko zamani. Nikaangalia: sindano mpya. Nikamuuliza, "Kumbe ilikuwa sindano?" Akaniambia niitie mafuta kila Jumamosi, akaondoka zake.

Mume wangu alicheka hadi machozi yakamtoka. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, na alimpenda yule mzee kwa namna ambayo sikuielewa kamwe. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kibarazani kwetu na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, katikati yao, wanachora vitu ardhini kwa kijiti. Nikileta mtori wanakula bila kuangalia bakuli. Nilikuwa nawasikia wanabishana habari za meno na mizunguko, na mume wangu ndiye pekee niliyewahi kumsikia akimwambia Fundi, tena kwa heshima, maana Meku kwetu ni mzee, "Hapana, Meku, hapo umekosea," na Fundi akafuta mchoro kwa kiganja. Alifuta tu, wala hakusema "kweli".

Mtu huyo alikuwa pia balozi wetu wa nyumba kumi. Miaka ile baada ya vita hakuna kilichokuwa dukani, si sabuni, si kanga, si betri za tochi, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Mikutanoni Fundi alisimama na shati lake la kaunda akawalaani walanguzi wanaovusha magendo Holili usiku, wanaoliua taifa. Tulipiga makofi. Halafu ukienda karakana kwake unakuta beringi mpya kabisa, bado zina karatasi zake za mafuta, zimekuja kwa miguu kutoka hukohuko Holili ndani ya mfuko wa maharage. Nilipomkazia macho alisema beringi si magendo, beringi ni maendeleo. Alisema hivyo bila kutabasamu.

Na alikuwa mbahili wa chuma, hatupi hata skrubu iliyovunjika kichwa. Lakini alipohitaji bati la aluminiamu la kuyeyusha, alichukua sufuria mbili za mke wake, za harusi, miaka ambayo sufuria mpya huioni hata kwa dawa. Mama wa watu amerudi kutoka Mabogini kutafuta mchele, anakuta sufuria zake zimekuwa boksi. Alikuja kwangu kuazima chungu, akalia kidogo, akanawa uso, akaenda kupika. Boksi lile lililotoka kwenye sufuria ndilo lililoingia nyumbani kwangu, na ndilo ninalotaka kulisema.

Mume wangu mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni. Alitembea kwa fimbo, na alitembea vizuri tu kwenye tambarare. Shule aliyofundisha, lakini, ilikuwa huko juu mlimani, karibu na kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, ambacho kilikwenda kwa mdogo wake kama ilivyo desturi yetu. Zamani alipanda basi. Mafuta yalipokosekana basi likawa linakuja likitaka, na siku nyingine haliji kabisa. Akaanza kuchelewa. Ofisa elimu akamwonya mara ya kwanza na ya pili, halafu akamwambia wazi kwamba akiendelea atahamishiwa mkoa mwingine, sehemu isiyo na mlima. Mimi na cherehani yangu, watoto, yeye na mguu wake, twende tukaanze upya wapi jamani? Hata usingizi ulikuwa unatuhama.

Fundi aliposikia alipiga meza. "Umeme tunao, mafuta hatuna. Basi Mwalimu atapanda kwa umeme."

Tulidhani amelewa. Kumbe alikuwa ameshafikiria. Alikuwa na dainamo ya lori bovu, na alijua kwamba ukiipa dainamo moto wa betri, badala ya kutengeneza umeme inazunguka yenyewe. Shida ni kwamba inazunguka mbio sana na haina nguvu, na mlima unataka nguvu, hautaki mbio. Kwa hiyo kati ya dainamo na gurudumu la baiskeli liwepo giaboksi: gia ndogo isukume gia kubwa, na hiyo isukume kubwa nyingine, mpaka ile mbio igeuke kuwa nguvu. Giaboksi la namna hiyo halikuwepo duniani, alisema, na kama lipo halikuja Moshi. Atalitengeneza.

Gia kubwa aliipata kwenye mashine mbovu ya kumenyea kahawa. Ndogo alizichonga mwenyewe kwa tupa, jino kwa jino, mume wangu akimpigia hesabu ya meno kwenye ubao wa watoto. Boksi lenyewe alilimimina kwenye mchanga kutoka kwenye zile sufuria. Grisi haikuwepo, akatumia mafuta ya ng'ombe, na ndiyo maana mbwa wote wa Shirimatunda waliipenda ile baiskeli. Betri ya lori ilikaa nyuma kwenye keria, nzito kama mtoto wa darasa la tatu, inachajiwa nyumbani kwetu usiku kucha. Upande wa kulia kulikuwa na mnyororo wa kawaida na friwili yake, ile inayoruhusu baiskeli kuteremka miguu imetulia. Mnyororo wa giaboksi aliufunga upande wa kushoto, kwa gia iliyokazwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Friwili ya dukani ukiiweka kushoto inashika kinyume, haifai. Badala yake akaweka leva kwenye fremu: ukifika mwisho wa kupanda unaivuta, gia zinaachana, unashuka.

Hapo ndipo sote tulipokosea, na nadhani mtu wa tambarare asingekosea hivyo. Sisi watu wa mlimani tukisema safari ni ngumu tuna maana ya kupanda. Kushuka kwetu si kazi, ni kurudi nyumbani. Miezi yote ile waliongea habari ya kupanda, wakachora kupanda, wakapima kupanda. Kushuka kukapewa leva moja, tena iliwekwa siku ya mwisho.

Siku ya kwanza sitaisahau. Mume wangu aliondoka asubuhi amevaa tai. Alikanyaga kwa mguu wake mzima, akabonyeza swichi, kile kitu kikanguruma na kikaanza kupanda, taratibu lakini hakisimami. Wanawake waliokuwa wanashusha ndizi sokoni wakatua mizigo wakapiga vigelegele. Mmoja akapiga kelele, "Ruwa wangu! Mwalimu anapanda ameketi!" Alifika shuleni kengele haijagongwa. Jioni alirudi amejaa vumbi, akanishika mikono yote miwili akaniambia, "Mama Eli, hatuhami." Nililia. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, nikamwendea nikamshika miguu, na nilimaanisha. Aliniambia nisimwagie machozi dainamo.

Tukakaa kwa amani muda, hadi masika. Njiani wakati wa kurudi nyumbani kuna daraja, na baada ya daraja kuna kilima kifupi unachopanda kabla ya mteremko mkali wa mwisho. Siku zote mume wangu akifika juu ya kile kilima alisimama, akazima, akavuta leva, akashuka. Siku ile nyuma yake lilikuwa linakuja lori la ndizi, linapiga honi, barabara ina tope, hakuweza kusimama. Akavuta leva huku anakwenda. Leva ikagoma. Mteremko ukaanza, na sasa gurudumu likawa ndilo linaloizungusha dainamo, kwa zile gia zote, mbio ambazo haikuumbiwa. Watu walisikia inalia kama nguruwe. Nyaya za ndani zikachomoka zikajisokota, dainamo ikakwama, giaboksi likakwama, gurudumu la nyuma likasimama ghafla. Mume wangu akatupwa kwenye mfereji. Kilichovunjika ni mguu wa kulia, pajani, ule mzima.

Nilimkuta hospitali anajitambua. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nilivuta, Mama Eli. Nilivuta kwa nguvu zangu zote."

Fundi alikuja hospitali baadaye. Alikuwa amepitia kwanza mferejini kuchukua baiskeli.

Mkutano wa nyumba kumi ukaitwa wiki hiyohiyo, maana watu waliogopa, wengine walisema kitu kile ni cha kishetani. Fundi alisimama kama balozi, na shati lake la kaunda, akasema, "Mashine haina tatizo. Mwalimu hakuvuta leva."

Nilisimama. Sijui nilipata wapi miguu. "Alivuta," nikasema.

"Nani kakwambia, Mama Eli?"

"Kaniambia mwenyewe."

Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ndivyo watu wanavyocheka mkutanoni, lakini ilitosha. Mimi nilikuwa mke anayemtetea mumewe, yeye alikuwa Fundi. Habari ikapanda mlima kabla ya jua kuzama. Ofisa elimu naye akaipata, akasema mtu asiyeweza kukumbuka leva moja atakumbukaje watoto wa watu, na mume wangu akastaafishwa kitandani. Alipoanza kutoka na magongo mawili, watoto wa barabarani, wengine aliowafundisha mwenyewe kujumlisha, walimwita, "Mwalimu! Vuta leva!" Likawa neno la mji. Kwenye vilabu vya mbege mtu akisahau kitu, wenzake wanamwambia, vuta leva wewe. Nimelisikia hata kutoka kwa watu wasiojua lilikoanzia. Mume wangu alikuwa mtu wa hesabu, mtu aliyekuwa akirudi dukani kusema umenizidishia chenji. Kumfanya mwongo na mzembe kwa neno moja, hilo lilimmaliza kuliko paja.

Na Fundi alijua. Hilo nalisema wazi kwa sababu niliona. Mwezi ule mume wangu aliporudi nyumbani nilikwenda karakana kuomba kipande cha waya, nikamkuta ameshalitengeneza lile giaboksi, amelifunga kwenye meza, amening'iniza matofali kwenye mnyororo ili uvutike, na anaivuta leva kwa mikono miwili. Haikutoka. Akapunguza matofali, akavuta, ikatoka kama kisu kwenye siagi. Akayarudisha, ikagoma tena. Hata mimi mshonaji nikaelewa: mnyororo ukiwa umekazwa, meno yanang'ang'aniana, mtu hawezi kuyaachanisha. Alinigeukia akaniona. Akalifunika kwa gunia.

"Fundi," nilimwambia, "sitaki kitu kingine chochote kwako. Simama mkutanoni useme neno moja. Sema alivuta."

Alichukua tupa akaanza kukwaruza kitu. Nilisimama pale mpaka nikachoka. Nilipofika barabarani, safari hii hakuna sauti iliyonifuata.

Niliacha kumsalimia. Mke wake niliendelea naye, tuliazimana chumvi kama kawaida, yeye hakuwa na kosa. Lakini mwenyewe nilimpita kama jiwe. Na mume wangu, mtu wa ajabu yule, akaendelea kumpokea kila Jumapili! Wanakaa kibarazani, kata katikati, wanaongea bei ya kahawa, mvua, ugonjwa wa ndizi, kila kitu isipokuwa kile. Nikiwa jikoni nilikuwa nasubiri nisikie. Nilikaanga vitunguu vikaungua kwa kusubiri. Fundi akiondoka namfokea mume wangu: "Wewe humuulizi?"

"Atasema."

"Lini, Baba Eli? Ukishaota nyasi?"

"Yule mtu nampenda, na najua atasema. Mwache."

Aliamini hivyo. Alikuwa anavaa shati safi kila Jumapili, miaka yote ile, na nilijua alikuwa anavaa kwa ajili ya neno hilo. Hamwezi kunieleza habari ya mikono ya dhahabu ya yule mzee mbele ya mashati yale niliyoyapiga pasi mimi.

Kifua kilimchukua mume wangu msimu wa baridi, ukungu umeshuka hadi Shirimatunda. Hakuugua sana. Jumapili alikaa kibarazani na Fundi amejifunga blanketi, wakaongea, akacheka hata. Alhamisi hakuamka.

Tulimpeleka kumzika kihambani kwa baba yake, huko juu, kati ya migomba. Mchungaji alikuwa ameshamaliza neno, vijana wameshika sepetu, ndipo watu wakaanza kugeuka kuangalia barabarani. Fundi alikuwa anapanda. Amezeeka, kofia imelowa ukungu, ameketi juu ya baiskeli yenye boksi lilelile na betri nyuma, na mkononi ameshika isale. Kwetu isale ni jani la kuombea msamaha. Anayekuletea huwezi kumkatalia, hata kama amemwaga damu ya ndugu yako. Ukikataa laana inakurudia wewe, na kila mtu pale alilijua hilo.

Akaomba kusema. Mchungaji akampa nafasi.

"Jamani," alisema, "miaka ile nilisema Mwalimu hakuvuta leva. Alivuta. Leva ilikuwa haiwezi kutoka. Kosa lilikuwa langu, la giaboksi langu."

Ikaanza minong'ono. Nikasikia mama mmoja nyuma yangu anasema huo ndio uungwana. Mwingine akasema wazee wa namna hii wamebaki wachache. Mchungaji mwenyewe alitoa kitambaa akafuta macho, akamshika Fundi bega, akasema leo tumejifunza unyenyekevu. Wakaanza kuimba. Nilitazama sanduku, nikawatazama watu, na wote walikuwa wamemgeukia yeye.

Alinijia na lile isale. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, maana tulikuwa tunatazamwa, "Fundi, Jumapili ulikaa naye kibarazani. Masikio alikuwa nayo. Kwa nini hukumwambia?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu kilicho wazi.

"Jumapili ilikuwa bado haijakaa sawa, Mama Eli. Nimeitafuta friwili ya kushoto miaka yote hii. Nimeichonga, inateleza, nachonga nyingine. Ningemwendeaje na kosa bila dawa yake? Imeshika jana." Akageuka kuionyesha baiskeli kwa mkono, imeegemezwa kwenye mgomba, na macho yake yaling'aa, mbele ya kaburi, yaling'aa kabisa. "Baadaye uje uione. Sasa inashuka yenyewe. Hata leva haina."

Nilipokea isale. Nilisema, "Asante, Meku," kama inavyotakiwa, na watu wakafurahi, wakapumua. Sikusema zaidi kwa sababu ningefungua mdomo ningelaani. Vijana wakaanza kufukia.

Watu walipokwenda kwenye chakula nilibaki. Nilipiga magoti kwenye udongo mbichi, nikasogeza mdomo karibu, nikamwambia kwa Kichagga, polepole, kama unavyomwambia mtu ambaye hakuwepo mkutanoni: Baba Eli, amesema. Amesema mbele ya watu wote kwamba ulivuta.